Karakana ya Kinsi, Habaswein

Wiki yangu ya kwanza Habaswein, redio yangu ilikufa. Mimi ni Mtaita, muuguzi, na nilikuwa nimehamishiwa zahanati ndogo nje kidogo ya mji. Mlinzi wetu aliniambia nimpelekee Muse wa redio, pale magari ya Wajir yanaposimama kujaza abiria.

Nilimkuta mzee ameketi kwenye kiti cha plastiki, mikono juu ya magoti. Mbele yake kulikuwa na meza iliyojaa nyaya, na nyuma ya meza mwanamke wa miaka arobaini na kitu, hijabu yake ameikunja begani isiguse kifaa cha moto alichokishika.

"Redio inafanya nini?" mzee aliniuliza.

"Inaongea kidogo, halafu inanyamaza."

"Inanyamaza ghafla ama bole bole?"

"Polepole, mzee wangu. Kama mtu anayesinzia."

Akacheka, akamwambia yule mwanamke maneno machache ya Kisomali. Mwanamke akaifungua redio, akachungulia, akataja kitu. Mzee akajibu. Zikapita kama dakika kumi za kuulizana na kujibizana, na redio ikaanza kusoma habari. Hapo ndipo nilipotambua kwamba mzee hakuwa ameitazama redio yangu hata mara moja. Hakuwa anaona.

Mwanamke huyo alikuwa mke wake, Kinsi. Nataka kueleza habari zake, kwa sababu nimeishi naye jirani miaka sita na kuna mambo niliyoyaona kwa macho yangu.

Kinsi alizaliwa katika familia ya wafugaji wa ngamia. Shule aliisoma hadi darasa la nne, mwaka ambao ukame uliwahamisha, na hakurudi tena. Aliolewa na Muse akiwa binti mdogo, naye Muse tayari alikuwa fundi anayejulikana. Miaka kumi baadaye macho ya Muse yakaanza kufifia. Ilikuwa presha ya macho, ile isiyorudishwa na upasuaji wala dawa ikishachelewa. Kwanza alishindwa kusoma zile rangi ndogo kwenye vipande vya ndani ya redio, vipande vidogo kama punje ya mchele vyenye mistari myekundu, ya manjano na ya kahawia. Kila rangi ni namba, na fundi akikosea namba, redio inaungua.

"Alikuwa ananiita kutoka jikoni," Kinsi aliniambia. "Njoo uniambie hii ni rangi gani. Nakuja, nasema nyekundu, nyeusi, kahawia. Narudi jikoni. Ananiita tena. Ugali inaungua. Siku moja nikamwambia, wewe Muse, heri mimi nikae hapa, wewe ukae jikoni."

Jikoni hakukaa, lakini alimfundisha. Alikaa kando akieleza, naye Kinsi akafanya kwa mkono. Wanaume wawili watatu pale kituoni hawakufurahi kuona mke wa mtu akitengeneza redio mbele ya madereva na makondakta. Walimwendea Muse kumshauri. Muse aliwajibu kwamba huyo mwanamke ndiye macho yake, kisha akawauliza kama wao wakitoka asubuhi huacha macho yao nyumbani. Suala hilo halikuzungumzwa tena, angalau si mbele yake.

Basi hayo ndiyo niliyoyakuta. Kilichofuata kilianza na maziwa.

Kaaha alikuwa kiongozi wa akina mama wanaouza maziwa ya ngamia. Kila asubuhi maziwa yaliletwa kutoka malishoni kwa pikipiki, ndani ya mitungi ya plastiki ya manjano, na ifikapo saa sita mchana, kwa joto letu hili, mengi yalikuwa yameharibika. Kaaha alikwenda kwa Kinsi kwa sababu simu yake haikuwa ikishika chaji. Alipokuwa akisubiri akalalamika kuhusu maziwa, kama anavyolalamika mtu yeyote, bila kutarajia lolote.

Kinsi aliacha simu.

"Ukiweka maji kwenye mtungi wa udongo, si yanakuwa baridi?" akamwuliza.

"Yanakuwa."

"Kwa nini?"

Kaaha hakujua. Kinsi pia hakujua vizuri, lakini Muse alijua. Alisema mtungi unatoka jasho, na upepo ukilikausha lile jasho unaondoka na joto. Wakaanza kujaribu. Kasha la kwanza walilitengeneza kwa mbao na magunia yaliyoloweshwa, likajaa siafu. La pili lilikuwa la wavu wa waya wa kuku, kuta mbili, na katikati wakajaza makaa. Juu waliweka ndoo yenye tundu dogo, maji yakadondoka tone kwa tone na kuyalowesha makaa. Kaaha aliweka mitungi mitatu asubuhi. Alasiri akaonja, akampa Kinsi akaonja, akanipa mimi niliyekuwa napita kutoka kazini. Yalikuwa matamu, na ubaridi wake uliyafikia meno.

Baada ya hapo meza ile ya kituoni haikutosha tena. Akina mama walikuja kutengeneza makasha. Alikuja Deeq, fundi wa kuchomelea aliyekuwa akiunda bodi za malori Garissa, akaja na mashine yake ya kuchomelea na grenda. Alikuja Sabirin, aliyekuwa na stashahada ya umeme na mtoto wa miaka miwili, na ambaye alikuwa ametuma maombi ya kazi hadi akachoka. Walifanyia kazi juani, pembeni mwa barabara, na kila lori lilipopita liliwamwagia vumbi.

Karibu na soko la mifugo kulikuwa na ghala tupu. Mwenyekiti wa soko alikuwa mzee Kerrow, mtu mrefu mwenye ndevu za hina na maneno machache. Kinsi alikwenda kumwomba ghala. Nilimsindikiza, kwa kuwa alitaka mtu wa serikali asimame naye, hata kama ni muuguzi tu.

"Mnataka ghala la nini?" Kerrow aliuliza.

"La kazi, adeer, ami yangu. Mtu akiwa na kitu kimeharibika, aje. Akiwa na fikra ya kutengeneza kitu kipya, aje. Vifaa viko, atatumia."

"Na wewe utakuwa mwenye duka?"

"Si duka. Ni ya watu wote."

Kerrow alinitazama mimi, kisha akamtazama yeye. "Kitu cha watu wote kinaharibika haraka," akasema. "Angalia mizani ile."

Mizani ya kupimia mifugo ilikuwa imesimama pale mlangoni, imekufa tangu mwaka uliopita. Wanunuzi kutoka Nairobi walikuwa wakikadiria uzito kwa macho, na makadirio yao kila mara yalikuwa madogo. Kinsi aliitazama mizani, akaaga.

Kesho yake alirudi na Deeq na Sabirin. Chini ya jukwaa la mizani walikuta mbolea iliyoganda na waya ulioguguniwa na panya, na chuma kimoja kilichopinda. Deeq alikinyoosha. Sabirin alifuatilia nyaya moja baada ya nyingine huku akiandika kwenye daftari. Kinsi alifunga nyaya mpya ndani ya bomba la plastiki ili panya wasizifikie tena. Ilichukua siku tatu. Walipomaliza walimpandisha Kerrow mwenyewe kwenye jukwaa, wafugaji wakiwa wamezunguka na Muse akiwa kando ya mkewe. Namba zikatokea, wafugaji wakapiga makofi. Halafu wakapandisha magunia mawili ya sukari ambayo kila mtu alijua uzito wake, na namba zikakubali.

Kerrow alishuka taratibu. Alitoa funguo za ghala mfukoni akamkabidhi Muse, kwa heshima ya kumpa mwanamume. Muse, bila kugeuza uso, akazipitisha kwa mkewe.

Ndiyo karakana ilivyopata mlango. Sabirin aliandika kibao kwa rangi ya bluu: KARAKANA YA JAMII. Sharti lilikuwa moja tu, na Kinsi ndiye aliyelitunga: ukitumia vifaa na ukajifunza jambo, lazima umfundishe mtu mwingine jambo hilo kabla mwezi haujaisha. Katika mwaka mmoja niliona magurudumu mapana ya mikokoteni ya punda, yanayopita juu ya mchanga bila kuzama. Niliona taa za sola zilizofufuliwa kwa betri za simu kuukuu, spika ya madrasa iliyokuwa ikikoroma ikasemeshwa vizuri, na pampu ya kisima iliyotengenezewa kipande cha chuma papo hapo, badala ya kungoja kipande hicho kitoke mbali.

Si kila kitu kilifaulu. Mkokoteni wa kwanza ulikatika ekseli, ukamwumiza punda wa watu mguu. Kinsi alikwenda mwenyewe kwa mwenye punda, akaketi naye hadi wakasameheana, na kwa wiki mbili alikwenda kumwosha yule punda kidonda. Nilimpa dawa ya kuoshea.

Kisha mvua ikaja.

Mwaka ule, baada ya ukame mrefu, mvua ilinyesha kana kwamba inadaiwa. Barabara ya kwenda Garissa ikakatika, ya Wajir nayo ikawa ziwa. Familia nyingi zilihamia kwenye madarasa ya shule, na kukawa na mtoto mmoja, kisha wawili, wenye homa na vipele. Nilijua surua ninapoiona. Kwa bahati nilikuwa na chanjo ya kutosha. Nilipokwenda kuichukua asubuhi, friji ya chanjo ilikuwa kimya.

Friji yetu ilitumia sola. Paa lilikuwa limevuja usiku, na maji yalikuwa yameingia ndani ya kile kiboksi cha ukutani kinachodhibiti umeme kutoka kwenye paneli. Kipimajoto kilisoma nyuzi saba. Chanjo haitakiwi kupita nane. Niliihamisha yote kwenye makasha ya baridi yenye barafu nikijua nina siku mbili, pengine pungufu. Nikampigia fundi wa kaunti. Alinisikitikia kwa dhati, lakini gari lake lisingeweza kuruka maji.

Nilivua viatu, nikaenda karakana.

"Sista, mimi friji ya chanjo sijafungua hata siku moja," Kinsi alisema.

"Najua."

"Na hiyo iko na muhuri wa serikali."

"Muhuri nitaukata mimi. Nikiulizwa, nitajibu mimi."

Kaaha alikuwepo. Akasema mara moja, "Leteni dawa hapa, tuweke kwenye kasha la maziwa."

"Hapana," Kinsi alimjibu. "Kasha letu linatosha maziwa. Halishuki kiasi wanachotaka hawa. Tukiweka humo, tutaua dawa halafu tuwachome watoto maji." Nilishukuru Mungu kwamba niko na fundi anayejua mwisho wa kazi yake mwenyewe.

Tulikwenda sote, Muse akishika bega la mkewe, maji yakitufika magotini. Muse aliomba waiwashe friji moja kwa moja kwa betri ya gari, kwa muda mfupi tu. Akaweka sikio kwenye ubavu wake. Ikalia tak, ikatetemeka, ikanguruma vizuri.

"Friji ni nzima," akasema. "Hapati chakula tu."

Kwa hiyo shida ilikuwa kile kiboksi. Kinsi alikibandua ukutani, tukakipeleka karakana, akakifungua. Ndani kulikuwa na kutu ya kijani na kipande kimoja cheusi kilichopasuka, mfano wa jino bovu. Sabirin alisoma jina lake kwa kukuza picha kwenye simu. Hawakuwa nacho. Lakini karakana ina pembe moja wanayoiita makaburini, ambako vifaa vilivyokufa kabisa huwekwa, kwa sababu hata maiti ya mashine ina viungo vinavyofaa. Walichimba makaburi hayo siku nzima. Walipata viwili vya aina moja, vidogo kuliko kile kilichoungua.

"Kimoja hakitabeba mzigo," Sabirin alisema.

"Viwili wakisaidiana?" Kinsi akauliza.

Sabirin aliandika hesabu kwenye daftari, akazifuta, akaandika tena. "Viwili vitabeba. Lakini vitapata moto."

Deeq alikata kipande cha sufuria ya aluminiamu, akakisawazisha kwa msasa, wakavifunga juu yake ili kiubebe ule moto. Jioni iliwakuta bado hawajamaliza, na jua lilikuwa limekwenda.

Asubuhi iliyofuata nilifungua makasha yangu. Barafu ilikuwa imebaki vipande vyembamba ndani ya maji. Nilikimbia karakana. Kinsi alikuwa ameunganisha kiboksi, lakini si kwa friji. Alikuwa amekiunganisha na pampu ndogo ya maji, nayo inazunguka.

"Kinsi, sina muda!"

"Abaayo, dada yangu, ngoja. Kama kitaua kitu, kiue pampu yangu. Kisiue friji ya watoto."

Tulingoja saa nzima. Sijawahi kuona saa ndefu namna ile. Kila baada ya muda aligusa aluminiamu kwa kidole kilichoungua mara nyingi, na kila mara alitikisa kichwa kwamba bado tungoje. Mwishowe akasema, "Bismillahi, twende."

Wingu lilikuwa zito. Tulipounganisha friji, ilijaribu kuamka ikashindwa. Ikajaribu tena. Muse alikuwa ameinamisha kichwa anasikiliza. Wingu likapasuka kidogo upande wa mashariki, na mwanga ukaanguka kwenye paneli, na friji ikanguruma, safari hii haikuacha. Nilikaa sakafuni mbele ya kipimajoto. Kumi na tisa. Kumi na tano. Tisa. Ilipofika tano, saa nane mchana, nilihamisha chanjo zote, nikaangalia alama ya joto kwenye kila chupa. Hakuna hata moja iliyokuwa imeharibika.

Kinsi aliketi juu ya ndoo iliyofunikwa, akaficha uso ndani ya hijabu, na mabega yake yakatikisika. Muse akamwuliza kwa Kisomali kama analia. Akajibu kwamba hapana, ni vumbi. Palikuwa na maji kila upande, vumbi lingetoka wapi.

Siku tatu zilizofuata tulichanja watoto mia mbili na themanini madarasani humo. Watoto wale wawili walipona. Hatukupoteza hata mmoja.

Fundi wa kaunti alifika wiki ya tatu barabara ilipofunguka. Alikifungua kiboksi, akavigusa vile vipande viwili kwa kidole.

"Nani amefanya hii?"

Nilijiandaa kwa maneno makali, maana muhuri niliukata mimi. Lakini aliomba apelekwe kwa fundi mwenyewe. Alikaa karakana alasiri nzima. Kinsi alimwonyesha jinsi ya kuunganisha vile vipande viwili, naye akamwonyesha Kinsi jinsi ya kusoma ramani ya umeme ya friji. Alipoinuka kuondoka, Kinsi alimkumbusha sharti.

"Umejifunza kwetu. Kabla mwezi haujaisha, fundisha mtu."

"Nitafundisha wote wa ofisini," alisema, na baadaye nilisikia kwamba alifanya hivyo.

Mwaka uliofuata karakana iliitwa kwenye maonyesho Wajir. Kinsi alisimama nyuma ya meza akiwa na kasha la maziwa, gurudumu pana, na kile kiboksi cha friji, ambacho kaunti ilikuwa imekibadilisha kwa kipya na kumrudishia. Ofisa mmoja aliyevaa suti alimwuliza amesomea chuo gani uhandisi.

"Darasa la nne," alijibu. "Halafu bwana yangu. Halafu hawa wenzangu. Bado nasoma."

Kaaha, aliyesimama pembeni, alipiga kigelegele kikavutia banda zima. Mimi nilikuwa nimeomba ruhusa kazini kwenda kushuhudia, na sikujuta. Nilijiona kama ndugu wa bibi harusi.

Sasa karakana ina vyumba vitatu na watu zaidi ya sitini wanaoingia na kutoka. Sabirin anaendesha darasa la umeme kila Jumamosi, na Wajir nako wameanzisha yao, wakitumia sharti lilelile. Kerrow amehamishia kiti chake mlangoni mwa ghala, na wageni wakija huwaeleza kana kwamba wazo lilikuwa lake. Hakuna anayemrekebisha.

Mwezi uliopita walimaliza kiti cha magurudumu cha Ebla. Ebla ni mwanamke wa miaka thelathini na mbili, anashona nguo nzuri kuliko fundi yeyote mjini, na miguu yake haijawahi kumbeba. Kiti alichopewa zamani kilitengenezwa kwa ajili ya sakafu ya saruji. Mchangani kilizama hadi ekseli, kwa hiyo kila alikokwenda alisukumwa na kaka zake wawili. Cha Deeq na Kinsi kina magurudumu mapana, na pedali za kuzungusha kwa mikono, mnyororo ukipita mbele ya kifua.

Walikijaribu asubuhi, kutoka msikitini hadi sokoni, ule mchanga mzito ambao hata pikipiki huuogopa. Watu walijipanga pande zote. Kaka mmoja alisogea kumshikia kiti.

"Mwache," Kinsi alisema. "Asisukumwe na mtu."

Ebla alizungusha mikono. Kiti kikasita, kikauma mchanga, kikaenda. Jasho lilimtiririka, alisimama mara mbili kupumua, na Kinsi alitembea nyuma yake hatua tano, mikono mgongoni ili asije akajisahau akamsaidia. Wanawake wa maziwa walikuwa wameacha mitungi yao. Alipofika kwenye vibanda vya nguo, Ebla aligeuza kiti mwenyewe, akatazama alikotoka, akamwita Kinsi.

"Eeddo, shangazi," alisema, "breki ya kushoto ni legelege."

"Iko wapi? Nionyeshe," Kinsi akasema, akapiga magoti mchangani, akatoa spana mfukoni.